Biashara ya uani Bariadi: mwaka umepita, faida iko wapi?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Saa 10 alfajiri mjini Bariadi, moshi wa kwanza hautoki hotelini wala stendi. Unatoka uani. Nyuma ya nyumba za Somanda, Malambo na Sima karai la mafuta liko motoni, na beseni la unga uliokandwa usiku limefunikwa kanga. Kabla ya saa 12 maandazi yameshaingia kwenye ndoo zenye mifuniko, yanakwenda shuleni, stendi na gereji.

Jua likipanda, ua huohuo unabadilika. Friji inafunguliwa, barafu za ukwaju zinatolewa. Cherehani inasogezwa barazani. Kuku wanafunguliwa. Mteja anapiga hodi, anaamkia “mwangaluka, mayu”, anachukua chake na kuahidi kulipa jioni. Jioni hiyo wakati mwingine ni ya wiki ijayo.

Hakuna kibao mlangoni wala mashine ya risiti. Hata hivyo ukiondoa biashara hizi za nyumbani, nusu ya mji itashinda njaa asubuhi hiyo, na nauli ya daladala ya mtoto anayesoma mbali haitapatikana.

Shida huanza Januari. Sare, madaftari, viatu na michango ya shule vinadai fedha kwa wakati mmoja, na mwenye biashara anaulizwa, au anajiuliza mwenyewe: mwaka mzima nimepika, nimeshona, nimeuza, kilichobaki kiko wapi? Jibu linalosikika mara nyingi ni fupi: tumekula, watoto wamesoma, tunamshukuru Mungu.

Jibu hilo si la uongo. Makala haya yatajaribu kuonyesha kuwa lina ukweli mwingi kuliko hata anayelitoa anavyodhani. Kasoro yake ni kwamba haliwezi kupelekwa benki, halmashauri wala ofisi ya kodi, na halimwambii mwenyewe kama mwaka ujao aendelee na maandazi au ahamie kwenye kuku.

Mwaka unaoanza Mei

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012. Sehemu kubwa ilimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157; ya 2022 ikakuta 2,140,497. Ni zaidi ya nusu milioni ya walaji wapya katika miaka 10.

Wengi wao wanaishi kwa jembe, na jembe la Simiyu ni pamba. Huu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Mbegu huingia ardhini Novemba na Desemba, palizi hushika Januari na Februari, na msimu wa ununuzi hufunguliwa Mei kupitia vyama vya msingi, AMCOS.

Kwa hiyo fedha ya Bariadi ina majira yake. Mei hadi Agosti wakulima wanashuka mjini, harusi zinapangwa, vitambaa vinanunuliwa, kuku wa sherehe wanatafutwa. Kuanzia Novemba mambo yanapungua. Januari na Februari mkulima yuko shambani na mfuko wake uko mtupu, na anayemuuzia maandazi mkewe au shati mwanawe anauza kwa mkopo.

Ndiyo maana kupima mwaka wa biashara ya nyumbani hapa kwa kuangalia kilichobaki kwenye kibubu Desemba ni kujidanganya. Desemba ni katikati ya ukame wa fedha. Mwaka wa Bariadi unaanza Mei na kwisha Aprili, kalenda ya ukutani iseme itakavyo.

> Msimu wa 2022 bei dira ya pamba ilikuwa Sh1,560 kwa kilo. Mwaka uliofuata ikawa Sh1,060.

Tazama tofauti hiyo ya Sh500 inavyosafiri. Kaya iliyovuna kilo 800 ikiuza kwa bei dira ya 2022 ilipata Sh1,248,000. Kwa bei dira ya 2023, mavuno yaleyale yalileta Sh848,000. Sh400,000 zimepotea kwenye kaya moja kabla mtu yeyote mjini hajakata kitambaa.

Kinachoathirika kwanza si chumvi wala kiberiti. Ni gauni la harusi, ni sare ya pili ya mtoto, ni keki ya ubatizo. Fundi cherehani wa barazani akikaa mwisho wa mwaka akaona ameshona nusu ya alichoshona mwaka uliotangulia, atajilaumu, au atamlaumu jirani aliyeleta cherehani mpya, au atahisi amerogwa. Sababu ilikuwa kwenye mzani wa AMCOS.

Hesabu ya ndoo moja

Tuchukue maandazi, maana ndiyo biashara inayoanzwa na wengi kwa mtaji mdogo. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, bei zitatofautiana na za dukani kwako, lakini mwenendo wake utautambua.

Kilo nne za unga kwa Sh2,000 kila moja ni Sh8,000. Lita moja ya mafuta Sh5,500. Nusu kilo ya sukari Sh1,500. Hamira na iliki Sh500. Jumla Sh15,500. Yanatoka maandazi 110 ya Sh200, yaani Sh22,000. Mama anatoa Sh15,500 kwenye Sh22,000 na kuona faida ya Sh6,500 kwa siku. Si haba.

Sasa turudi uani. Mkaa umetumika wa Sh2,000, ila haukuandikwa kwa sababu ni mkaa wa nyumbani. Maji ya Sh500, nayo ya nyumbani. Kijana aliyezungusha ndoo kapewa Sh1,000. Maandazi manane yameliwa na watoto kabla ya kwenda shule, Sh1,600. Matano yamekwenda kwa mkopo usiorudi, Sh1,000. Zile Sh6,500 zimebaki Sh400.

Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, na miezi 12, hiyo ni Sh124,800 kwa mwaka. Na bado hatujamlipa mtu aliyeamka saa 10.

Wapo wataalamu wa semina watakaosema hapa kwamba kosa ni yale maandazi manane, watoto wasile mtaji. Sikubaliani nao. Sensa ya 2012 iliukuta Simiyu ukiwa na wastani wa karibu watu saba kwa kaya. Watoto hao wangekula kitu asubuhi kwa vyovyote vile, na kingenunuliwa. Maandazi manane kwa siku 312 ni Sh499,200. Huo ni ununuzi wa nyumba, na biashara ndiyo iliyoulipia.

Ukijumlisha fedha iliyobaki na chai ya watoto, biashara hiyo imeipa nyumba thamani ya Sh624,000, na asilimia 80 yake imeliwa. Aliyejibu “tumekula” alikuwa anasoma mizania yake kwa usahihi kabisa.

> Nyumba inaidai biashara, na biashara inaidai nyumba. Madeni yote mawili hayana pa kuandikwa.

Kinachotakiwa ni mistari miwili tu kwenye daftari: kilichotoka nyumbani kwenda kwenye biashara, kama mkaa, maji na umeme, na kilichotoka kwenye biashara kwenda nyumbani, kama chakula, fedha ya dawa na nauli. Wahenga wa madukani walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Uani habari hiyo hupotea mapema zaidi, kwa sababu mlaji na muuzaji wanalala chumba kimoja.

Kuku nao wana hesabu yao iliyofichika. Ufugaji wa kienyeji unaonekana hauna gharama, kuku wanajitafutia. Kisha ugonjwa wa mdondo unaingia na banda linabaki manyoya. Chanjo ya I-2 ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, inahimili joto kuliko chanjo za zamani na bei yake kwa kila kuku ni ndogo sana. Anayefunga mwaka bila kuandika kuku waliokufa atakumbuka tu waliouzwa, na mwaka ujao hatanunua chanjo.

Mahakama ilishahesabu

Kazi ya mwanamke nyumbani iliwahi kufikishwa mbele ya majaji. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Hadi leo mawakili wanaitaja.

Sehemu ya pili ya hukumu hutajwa mara chache. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama iliona kuwa fedha alizokuwa amekabidhiwa na mumewe kwa ajili ya biashara alizitapanya, na hivyo alikuwa ameshaila sehemu yake.

Miaka zaidi ya 40 baadaye, kesi hiyo bado inamhusu kila anayeendesha mradi uani. Jasho lako linatambuliwa na sheria. Fedha uliyopewa nayo itaulizwa. Mke asiye na maandishi anaweza kubishiwa yote mawili, na mume aliyetoa mtaji anaweza kudai kila kilichozalishwa ni chake.

Friji na uniti 75

Biashara ya barafu, juisi na maziwa mtindi imekua kwa kasi ya nguzo za umeme. Lakini hapa nyumba na biashara zinagongana kwenye mita moja.

Mteja mdogo wa TANESCO huwekwa kundi la D1, ambalo Sh1,000 hununua uniti 8 na kidogo, mradi matumizi yasizidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi mara kwa mara unahamishiwa T1, ambako Sh1,000 hiyohiyo huleta uniti 2.8.

Taa, redio na simu haziwezi kufikisha uniti 75. Friji ya barafu ikila uniti tatu kwa siku inafika 90 peke yake. Kwa D1 uniti 90 zingegharimu karibu Sh11,000. Kwa T1 ni karibu Sh32,000. Barafu 210 za Sh100 zinauzwa kufidia tofauti hiyo tu, na taa ya chumbani nayo sasa inalipiwa bei ya biashara.

Wengi hugundua siku LUKU inapoisha kabla ya wakati, wakadhani mita imeharibika. Ukweli ni kwamba friji iliingizwa ndani bila kupigiwa hesabu ya kundi la umeme. TANESCO nayo haina sababu ya kulaumiwa kwa kanuni yenyewe, maana bei nafuu iliwekwa kwa ajili ya kaya maskini, si kwa wazalishaji. Ila mwenye friji moja ya barafu yuko wapi kati ya hao wawili? Kanuni haina pa kumweka.

Wa sokoni na wa uani

Mfanyabiashara wa sokoni ana malalamiko yake, na yanastahili kusikilizwa. Analipa pango, ushuru, leseni na usafi. Anafungua saa moja, anakuta wateja wameshakunywa chai iliyotoka uani kwa mtu asiyelipa hata kimoja. Kwake huo si ujasiriamali, ni ushindani usio wa haki.

Wa uani anajibu kwamba kodi anailipa bila kuonekana: ipo kwenye sukari, mafuta, vocha na LUKU. Anaongeza kuwa akihamia sokoni, atamwacha nani na watoto na bibi mgonjwa?

Serikali imejaribu kuwaweka hawa kwenye kumbukumbu. Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh4 milioni kwa mwaka. Baadaye, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, utaratibu ulibadilishwa na kuja vitambulisho vipya vinavyosimamiwa na wizara ya maendeleo ya jamii.

Sh4 milioni ni kiasi gani? Ni chini kidogo ya Sh11,000 kwa siku. Mama wa ndoo moja tuliyemhesabia anauza maandazi 102 kwa siku, ya fedha na ya mkopo, yaani Sh20,400. Kwa mwaka ni Sh6,364,800. Ameshavuka mpaka bila kujua.

Hapo kodi ya makadirio inamtambua. Mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni yanatozwa Sh100,000 kwa mwaka kwa asiye na kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia tatu ya kiasi kinachozidi Sh4 milioni. Kwa mama huyu hiyo ni Sh70,944.

> Faida taslimu ya mwaka: Sh124,800. Kodi bila daftari: Sh100,000. Kodi kwa daftari: Sh70,944.

Daftari limemwokolea karibu Sh29,000. Lakini hata Sh70,944 ni zaidi ya nusu ya fedha aliyobaki nayo, kwa sababu kodi hii inaangalia mauzo, haiangalii faida. Muuza simu na muuza maandazi wenye mauzo sawa wanatozwa sawa. Utaratibu huo ni rahisi kwa mkusanyaji, na kwa bidhaa yenye faida nyembamba ni mzito. Hili ni jambo la kuwafikishia wabunge wakati wa Sheria ya Fedha, na halina haja ya kusubiri semina nyingine ya ujasiriamali.

Jiko la nyumbani na alama ya ubora

Hatua inayofuata baada ya kuuza mtaani, ya kufunga karanga, siagi ya karanga, unga wa lishe au michembe kwenye pakiti na kuipeleka Mwanza, ndipo ndoto nyingi za uani zinapokwama. Barabara ipo: kutoka Mwigumbi kupitia Maswa hadi Bariadi na kushuka Lamadi sasa ni lami. Kinachokosekana ni alama ya ubora ya Shirika la Viwango, TBS.

Tangu Julai 2019, shughuli za usajili wa maeneo ya chakula zilihama kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda TBS. Mjasiriamali mdogo akiwa na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hupewa huduma ya alama bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Huo ni msaada wa kweli.

Mtego uko kwenye jengo. Mkaguzi anataka sehemu ya kuzalishia iliyotengwa na makazi, sakafu inayosafishika, maji, na stoo isiyoingiliwa na kuku. Kwa mwenye vyumba viwili na ua mmoja, hilo ni kujenga nyumba nyingine.

Siwezi kumlaumu mkaguzi. Karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Lakini tuseme wazi kwamba sheria inamtaka mtu awe na kiwanda kidogo kabla ya kupata soko ambalo lingemwezesha kukijenga.

Simiyu iliwahi kutoa jibu la aina yake. Wakati Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, kuanzia 2016 hadi 2021, mkoa ulivuma kwa kaulimbiu ya bidhaa ya kila wilaya. Vikundi vya vijana, vikisaidiwa na halmashauri zao, vilianzisha kiwanda cha chaki Maswa na cha kusindika maziwa Meatu. Viwanja vya Nyakabindi vikawa mwenyeji wa maonyesho ya Nane Nane kitaifa kwa miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020.

Ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo ngazi moja ilirukwa. Kati ya ua wa mama na kiwanda cha wilaya hapakuwekwa kitu: jiko la pamoja, chumba kimoja safi kwenye kata chenye maji, meza na mashine ya kufungia pakiti, ambacho wanawake 20 wangekitumia kwa zamu na kukaguliwa kwa pamoja. Nyakabindi pana majengo yanayochangamka kila Agosti. Jiko la kwanza linaweza kuanzia humo.

Mikopo ya halmashauri na ya kausha damu

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa biashara ya uani ndiyo fedha ya bei nafuu kuliko zote.

Aprili 2023 Serikali iliisimamisha baada ya kubainika fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine vilikuwa vya karatasi. Ilirejea 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikichaguliwa kwa majaribio ya kukopesha kupitia benki. Katika Simiyu, Itilima ndiyo iliyokuwamo.

Zaidi ya mwaka mzima, basi, mlango huo ulikuwa umefungwa. Shida za Januari hazikusimama. Waliobaki ni kijumbe wa mchezo, vikoba, na yule mkopeshaji ambaye nchi nzima inamwita kausha damu, anayepita na daftari lake kila jioni kudai marejesho ya siku. Tujue kuwa yeye daftari analo.

Vikoba vimewasitiri wengi, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vinatambuliwa kama daraja la nne na kutakiwa kusajiliwa. Wakopeshaji binafsi wako daraja la pili na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Upande wa simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Hatari kubwa kuliko riba ni ratiba. Anayekopa Oktoba kwa marejesho ya kila siku anajifunga kulipa Novemba, Desemba na Januari, miezi ambayo wateja wake wenyewe wanakopa. Mkopo huohuo ukichukuliwa Aprili, mzigo ukaingia Mei, unalipika. Hata mikopo ya halmashauri hutoka kwa kufuata mwaka wa bajeti na vikao, na haitazami pamba imefika wapi.

> Mkopo wa Oktoba unalipwa na njaa ya Januari. Mkopo wa Aprili unalipwa na pamba.

Jimbo la Gujarat nchini India, ambalo nalo ni la pamba, lilikutana na tatizo kama hili la kazi isiyohesabiwa. Mwaka 1972 mwanasheria Ela Bhatt aliwakusanya Ahmedabad wanawake waliokuwa wakishona na kuuza bila mwajiri, wakaunda chama cha SEWA. Miaka miwili baadaye wakawa na benki yao wenyewe. Walianza kwa kudai wahesabiwe kuwa ni wafanyakazi. Sisi tuna vikundi vingi, lakini karibu vyote vimeundwa kwa ajili ya kupokea mkopo, na mkopo ukiisha kikundi kinaisha.

Funga mwaka Aprili

Anayetaka kujua biashara yake ya nyumbani ilimpa nini, aanze daftari siku AMCOS zinapofungua mizani Mei na kulifunga mwisho wa Aprili. Kila siku mauzo, manunuzi, mkopo uliotoka, mkopo uliorudi, kilichotoka nyumbani, kilichoingia nyumbani. Aandike pia siku ambazo hakufanya kazi na sababu: msiba, kuuguza, palizi. Biashara ya mwanamke wa Simiyu husimama zaidi kwa misiba na mashamba kuliko kwa kukosa wateja, na hilo haliwezi kuonekana kwenye fedha peke yake.

Januari ahesabu mara moja tu, kwa ajili ya mamlaka ya mapato, TRA, ambayo mwaka wake ni wa kalenda.

Maofisa maendeleo ya jamii wa Bariadi Mji, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wana nafasi ya kulifanya daftari hilo liwe na thamani. Kikundi kikija kuomba mkopo, kiulizwe kumbukumbu za msimu mmoja wa pamba kabla ya kuulizwa katiba iliyochapwa na mtu wa steshenari. Na fedha itoke Aprili. Baraza la madiwani likiamua hivyo, hakuna sheria itakayovunjwa.

Kila Januari maduka ya vifaa vya shule hujaa madaftari makubwa. Wewe mwenye karai, cherehani au friji, ukimnunulia mtoto yake, chukua na lako. Awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio inadaiwa mwisho wa Machi.